Insha Yenye Jina Langu

Msomaji mmoja aliniandikia wiki iliyopita akasema mimi ni mjinga wa kupindukia, na kwamba amekata hadithi yangu gazetini akaibandika ukutani jikoni ili mkewe asije akawa kama mimi. Namshukuru. Nimefurahi kujua kwamba kuna jiko moja ninakosomwa kila siku.

Kwa mliochelewa kujiunga, nitasema kwa ufupi. Mimi ni yule msimamizi wa dobi la hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Binti yangu wa pekee aliolewa ng'ambo na mgeni, akafia huko. Mume wangu hakungoja machozi yakauke, alifungasha akaenda zake. Nikabaki na mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yetu. Na nina mjukuu wa kike wa miaka sita, anayeishi na baba yake huko huko, ambaye nimemwona kwa picha tu.

Mjukuu huyo hajui Kiswahili. Mimi sijui Kiingereza, na baba yake hajui kingine ila Kiingereza.

Mliniacha nikisema kwamba kuna dhambi niliyoitenda kwa akili timamu. Leo naitaja. Mtihani wa kuingia chuo kikuu sikuufanya mimi.

Ilikuwa hivi. Baada ya msiba nililala miezi mitatu. Nilipoinuka, jambo la kwanza nililomwambia Kitinda ni kwamba namtaka mtoto wa mwanangu nimlee. Mkwe wangu huandika barua kwa simu, na barua hizo huingia kwenye simu ya Kitinda, maana yangu ni ya kubonyeza na haipokei zaidi ya salamu. Kitinda ni mpokea wageni hotelini, Kiingereza anakimwaga kama maji. Yeye ndiye aliyeniandikia ombi langu, na yeye ndiye aliyenisomea jibu.

Jibu lilisema mkwe hana kinyongo. Mtoto nitapewa. Lakini kwanza nipate cheti cha Kiingereza cha ngazi ya kati, kwa sababu hawezi kumwacha mwanawe kwa mtu ambaye mtoto hataweza hata kumwambia kwamba tumbo linamuuma.

Nililitafuta kosa katika neno hilo nikalikosa. Mimi mwenyewe nisingemwacha mtoto kwa mtu wa namna hiyo.

Basi nikaenda kuulizia. Chuo kikuu kina kozi ya watu wazima, kila Jumamosi asubuhi, miezi mitatu. Tatizo, hawaanzi na wasiojua. Wanaanzia ngazi ya kati, na kuna mtihani wa kuthibitisha kwamba umefika hapo. Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye maboksi ya sabuni.

Nikamwomba Kitinda akanifanyie. Tumefanana mno, tofauti yetu ni miaka kumi na minane, na picha ya kitambulisho changu nilipigwa nikiwa na umri alio nao yeye leo. Alikataa. Siku mbili hakula nami meza moja. Nilidhani anamwogopa Mungu, nikaona aibu mbele yake, lakini sikuacha.

Nilimwambia, "Nimekulea tangu una miaka minne. Sijawahi kukuomba kitu, leo naomba."

Alikwenda. Alirudi macho mekundu, akasema ukumbi ulikuwa na vumbi. Wiki mbili baadaye chuo kiliniandikia kwamba nimefaulu vizuri sana.

Sasa tuje Jumamosi.

Niliamka nikafua, nikaoga, nikavaa gauni la kijivu. Sikuwa na hofu. Tangu binti yangu afe hofu imenihama, pamoja na furaha, hamu ya kula na wivu. Kazini wananisifu kwamba siku hizi sipigi kelele. Hawajui kwamba sauti yenyewe sijui ilipo.

Kabla sijatoka Kitinda alinipa somo mlangoni. Alisema siku ya kwanza hakuna la maana, watu hujitambulisha tu. "Ukiulizwa lolote, Dada, tabasamu, sema 'yes, thank you'. Wanapenda mtu mwenye adabu." Alinirekebisha kola, akanitazama, akataka kusema kitu, halafu akasema nisichelewe.

Darasa liko ghorofa ya pili, mwisho wa korido ndefu inayonuka rangi mbichi. Kulikuwa na viti ishirini vyenye kibao cha kuandikia ubavuni, na feni isiyozunguka. Nilikaa mstari wa pili. Kushoto kwangu alikaa mtu wa zimamoto, pande la mtu, aliyejitambulisha kabla sijamuuliza. Anataka kupandishwa cheo, na vitabu vya mitambo mipya ni Kiingereza kitupu. Alinitania kwamba darasa likishika moto nimfuate yeye. Kulia kwangu alikaa muuguzi, mwanamke wa makamo, mpole, ambaye alinusa akasema, "Wewe unatoka dobini." Alikuwa sahihi. Harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka haitoki hata ukijisugua kwa jiwe.

Mwalimu akaingia. Ni binti wa umri wa marehemu binti yangu. Nililiona hilo, nikalipita.

Alianza kuita majina, na alipofika langu akasita, akatoa karatasi kwenye faili. Alikuja hadi kitini kwangu, akainama, akaongea kwa sauti ya chini. Maneno mengi. Mkono mmoja kauweka kifuani, mwingine umeshika karatasi. Mwishoni sauti yake ilipanda, nikajua ni swali.

Nikatabasamu. "Yes, thank you."

Akauliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayehakikisha. Nikajibu vilevile. Akanishika mkono akaubana. Nikajisemea kwamba Kitinda kweli ana akili, huyu nimeshamteka.

Mwalimu akarudi mbele, akalitangazia darasa jambo, akaanza kusoma ile karatasi.

Nikautambua kwa mbali mwandiko wa Kitinda. Ilikuwa karatasi ya mtihani. Mtihani wangu.

Sikuelewa kitu, ila neno moja lilijirudia mno, na hilo nalijua: sister. Dada. Likija, likienda, likirudi. Nikaelewa kwamba Kitinda kaandika kuhusu mimi, jinsi nilivyombeba mgongoni nikafua nguo za watu ili yeye asome. Nilijisikia vizuri. Nasema wazi, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu msiba kujisikia chochote. Nikakaa sawa nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa, ili wanaonitazama waone mtu mwenye heshima zake.

Na walikuwa wananitazama. Mmoja baada ya mwingine waligeuka. Mwalimu alipomaliza, alisema maneno machache akinielekea, macho yamemlowa. Hakuna aliyepiga makofi.

Zimamoto alinitazama kama anavyotazama nyumba iliyochomwa na mwenyewe. Kisha akavuta kiti chake, si sana, kiasi cha viganja viwili, kuelekea upande wa pili.

Nikamtabasamia. Ndivyo nilivyofundishwa.

Ilipofika mapumziko tulitoka koridoni kwenye meza ya chai. Watu walinipisha. Nilikuwa nakoroga sukari muuguzi alipokuja kusimama karibu yangu. Alikoroga yake pia, muda mrefu, bila kuitia sukari.

"Mama, si kazi yangu kuuliza," alisema. "Lakini dada yako umeshamwambia?"

"Dada yangu yupi?"

"Huyo unayemsomea barua."

Tulizaliwa wawili tu. Mkubwa ni mimi. Sina dada wa kusomewa barua, na sijamsomea mtu barua maisha yangu yote.

Moyo haukushtuka. Uliketi tu. Kazini mfuko wa mashuka ukija umefungwa vizuri kuliko kawaida, huwa tunajua kabla ya kuufungua kwamba ndani kuna balaa. Ndivyo nilivyojua.

Tatizo lilikuwa moja. Ile ilikuwa insha yangu, yenye jina langu, na nimefaulu kwayo. Nitamuulizaje mtu kilichoandikwa humo?

Umaskini wa lugha unafundisha ujanja. Nikamwambia muuguzi kwamba nina wasiwasi Kiingereza changu hakikunyooka. Nataka kujua kama nilieleweka. Kama hataona taabu, anieleze kwa Kiswahili alichosikia, kuanzia mwanzo, na asinifiche popote.

Alinitazama kwa huruma. Akaanza.

Alisema swali la mtihani lilitaka mtu aeleze jambo analolijutia. Na mimi, yaani mwandishi, nilianza kwa kusema nina dada mkubwa aliyenilea, ambaye hasomi Kiingereza. Alifiwa na mwanawe wa pekee, akalala miezi mitatu, na mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko. Barua za mkwewe nilimsomea mimi.

"Halafu ukasema humsomei kilichoandikwa."

"Nilisema hivyo."

"Ukasema yule baba hajawahi kutaka dada yako ajue Kiingereza. Hicho cheti ulikitunga wewe. Yeye aliomba neno moja tu, dada yako akubali, amlete mtoto mwenyewe kwa mkono wake. Barua ya kwanza aliomba, ya pili akasihi. Anafanya kazi za zamu, mtoto analala kwa majirani. Mtoto anauliza kila siku ataenda lini kwa bibi yake."

Chai yangu ilikuwa ya moto sana, nikaendelea kuinywa.

Nikamuuliza kama nilieleza kwa nini nilifanya hivyo, au nilisahau kuandika.

Muuguzi alishusha sauti. Alisema niliandika kwamba mtoto ana uso wa mama yake, na nilichelea dada akiuona uso ule kila asubuhi nitamzika na yeye. Kwa hiyo uongo wa kwanza niliusema kwa kumwonea huruma. Nilidhani akisikia habari za cheti atakata tamaa, na jambo litakufa. Hakukata tamaa. Sasa anataka kujifunza Kiingereza kwa ajili ya uongo wangu, na mimi namtazama.

Akakiinamia kikombe chake.

"Nilikuambia usinifiche."

"Mwisho ulisema si huruma peke yake. Ulisema maisha yako yote dada yako alikuwa na mwanawe mbele, wewe nyuma. Na kwamba mwana alipokufa, ulimpata dada yako peke yako kwa mara ya kwanza. Hukutaka kumgawana tena." Alinigusa bega. "Mama, hapo ndipo mwalimu alipotokwa na machozi. Alisema wewe ni jasiri. Kabla hajaanza alikuomba ruhusa kuisoma, tukaona ulivyokubali mara mbili. Mimi nisingethubutu."

Zimamoto alikuwa nyuma yetu na kikombe chake. Sikujua tangu lini. Hakunitazama usoni, aliitazama chai.

"Muuguzi kasahau tarehe," alisema. "Ile barua ya mwisho. Yule baba anasema asipojibiwa hadi tarehe ishirini ya mwezi huu, anamkabidhi mtoto kwa dada yake yeye. Moja kwa moja, kwa maandishi ya mahakama." Kisha akaniambia mimi, kwa ukali wa mtu mwenye watoto: "Mwambie dada yako, mama. Ujasiri wa kuandikia watu usiowajua si ujasiri."

Sina la kumlaumu. Alikuwa ananitetea.

Ukutani, juu ya meza ya chai, kulikuwa na kalenda ya chuo. Jumamosi ile ilikuwa tarehe kumi na nne.

Mtatarajia niseme nilikimbia. Sikukimbia. Nilirudi darasani nikakaa, kwa kuwa kipindi kilikuwa hakijaisha na miguu haikuleta wazo jingine. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni, nami nikazinakili zote kwa mwandiko mzuri. Nilitaka kulia nikakosa pa kuanzia. Nilitaka kumchukia Kitinda nikamwona ana miaka minne, kakaa kwenye beseni, povu limejaa masikioni. Nilichukia beseni.

Jambo lililonikaa kichwani ni dogo na la kipumbavu. Alikwenda kusema ukweli mahali pamoja tu duniani ambapo aliamini hautanifikia, kwa lugha nisiyoijua, mbele ya watu wasiomjua, kwenye karatasi ya kufungiwa kabatini. Na juu yake akaandika jina langu. Laiti ningekuwa na haya kidogo nikaufanya mtihani ule mwenyewe, ningefeli, na nisingejua kitu mpaka nife.

Mwisho wa kipindi mwalimu alinirudishia insha. Alama nzuri kwa kalamu nyekundu. Nikaikunja nikaitia kifuani.

Niliporudi nyumbani ilikuwa saa saba mchana. Kitinda alikuwa kaketi kwenye kigoda anamenya viazi, maganda yanaanguka kwenye gazeti. Aliniuliza darasa lilikuwaje. Nikasema zuri. Akaniuliza walimu wakoje. Nikasema wapole. Akacheka akasema nimeanza kujibu kama mwanafunzi wa kweli.

Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu iliyokuwa juu ya friji.

"Kuna barua ya mkwe wako, imeingia asubuhi ulipotoka. Nikusomee sasa au tukishakula?"

Alisema kwa sauti ile ile ya siku zote. Huko nyuma niliipenda sauti hiyo. Nilikuwa nikikaa kitako kama mtoto anayesubiri hadithi.

"Sasa," nikasema. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana. "Ila leo usinifasirie. Nisomee kwa Kiingereza, kama alivyoandika."

Kidole chake kilisimama juu ya kioo.

"Utaelewa, Dada?"

"Mimi si nilifaulu mtihani wa ngazi ya kati? Soma."

Alinitazama. Nami nikamtazama, na sikuwa na uso wa hasira wala wa huruma wa kumwonyesha, nilikuwa na huu huu nilio nao tangu msiba. Nadhani ndio uliomtisha. Kama ningepiga kelele angejua la kufanya.

Akaanza kusoma. Sauti ilitoka nyembamba. Sikuelewa, na nilihakikisha hakuoni kutoelewa kwangu. Nilitikisa kichwa mahali palipoonekana pafaa. Kila nilipotikisa, alisoma polepole zaidi. Katikati alisimama, akainua macho, akayarudisha chini.

"Imeisha," alisema kwa Kiswahili.

"Kidole chako bado kinasukuma."

Aliweka simu mapajani kifudifudi. Akashika kisu, akakiweka. Akachukua kiazi kilichokwisha menywa, akaanza kukimenya tena, nikamnyang'anya.

Nikaitoa insha kifuani nikaiweka juu ya maganda, jina langu likiwa juu. Hakuifungua. Aliitambua ikiwa imekunjwa.

Sikumsaidia.

"Dada," alisema mwishowe, na machozi yakaanguka kwenye viazi bila yeye kujipangusa. "Wiki iliyopita niliogopa ile tarehe. Niliogopa wewe kujua, niliogopa yeye kupiga simu. Nikamwandikia kwa jina lako." Akavuta pumzi. "Hii leo hakuuliza kitu. Anashukuru kwa jibu lako. Anasema sasa moyo wake umetulia, na ameshamwambia mtoto."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka, kifuniko kinagongagonga sufuria. Sikuinuka kuzima.

Nikamuuliza nilimjibu nini.